Nina mshahara na nina dagaa: je, niache kazi?

*"Nina miaka 34, naishi Mwanga, Kigoma mjini. Ni mhasibu msaidizi katika sekondari ya binafsi. Mshahara wangu kabla ya makato ni 700,000, mkononi napata 588,000, ingawa mara nyingi huchelewa mpaka tarehe 8 au 10. Mwaka mmoja sasa, kila baada ya wiki mbili nanunua kilo 40 za dagaa wakavu kwenye mwalo wa Kibirizi, wanapotua wavuvi, na kumtumia dada yangu Dodoma. Nanunua kilo kwa 20,000, yeye anauza 26,000, kwa hiyo kila mzigo unaniachia 240,000. Nikiwa huru nitatuma mizigo minne kwa mwezi, yaani karibu milioni moja. Mume wangu ni fundi ujenzi, tuna watoto wawili. Nimepanga kuacha kazi Januari, mafao yangu ya NSSF yawe mtaji. Wenzangu wa kikundi wanasema kuajiriwa ni utumwa. Maisha ya mjasiriamali yanatofautianaje hasa na ya mwajiriwa? Na je, niache?"*

Dada yangu, hongera kwanza. Mwaka mzima wa kununua, kufunga, kusafirisha na kuuza ni mtihani ambao wengi wanaoacha kazi hawajaufanya. Umeuliza maswali mawili, na la pili haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza.

Tofauti kubwa iko kwenye fedha na muda. Mwajiriwa hulipwa kwa tarehe, mfanyabiashara hulipwa kwa mzunguko. Wewe ukiugua siku tatu, mvua ikinyesha wiki nzima, mzazi akichelewesha ada, mshahara wako bado unadaiwa na tarehe yake inajulikana, hata ukichelewa siku kumi. Kwenye dagaa hakuna tarehe. Fedha inatoka mfukoni mwako Kibirizi, inageuka gunia, inageuka deni la mchuuzi wa Dodoma, halafu inarudi kuwa fedha. Lolote likikwama katikati, aliyekwama ni wewe. Mambo mengine yote ya ujasiriamali, uhuru, wasiwasi, faida na lawama za ndugu, yanatoka hapo.

Kwa hiyo neno "utumwa" liweke pembeni. Ukiacha kazi, mkuu wa shule ataondoka, lakini watakuja mbalamwezi, mvua, dalali wa mwaloni, ratiba ya basi na wateja wanaolipa watakapojisikia. Unachopata kweli ni haki ya kuamua na haki ya kubaki na chote kinachozidi. Ni haki nzuri sana, ila ina bei, na bei hiyo inahesabika. Wewe ni mhasibu, tuihesabu.

Umeandika kwamba mzigo unakuachia 240,000. Hiyo ni tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, bado haijawa faida. Mtaji wa mzigo ni 800,000. Dagaa wakifika Dodoma kilo 40 hazibaki 40: unyevu uliokuwamo unaendelea kutoka njiani, vichwa vinakatika, vumbi linabaki chini ya gunia. Tukadirie upungufu wa kilo 2, ambao si mkubwa. Kwa bei ya kuuza ni 52,000. Nauli ya mzigo, upakiaji na bodaboda za pande mbili, tuweke 20,000. Gunia, mfuko wa ndani na kamba, 4,000. Ushuru na kibali, 10,000. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu pamoja na muda wa maongezi, 12,000. Kisha kuna dada yako. Sasa hivi anakuuzia kwa upendo, lakini mzigo ukiwa mmoja kila siku chache ataacha shughuli zake kwa ajili yako, na upendo wa namna hiyo huisha kwa ugomvi. Mlipe walau 1,000 kwa kilo, yaani 38,000 kwa kilo 38. Jumla ya gharama hizo ni 136,000. Kinachobaki ni 104,000.

Namba za nauli na ushuru ni za mfano. Weka za kwako kutoka kwenye stakabadhi. Lakini ukizipanga hivyo utaona kwamba mizigo minne haikupi milioni moja. Inakupa 416,000, chini ya mshahara wako, kabla ya kodi.

Tuangalie pia mshahara wenyewe, kwa sababu 588,000 si yote unayolipwa. Kwenye 700,000 yako inakatwa 70,000 ya NSSF na 42,000 ya kodi ya mapato. Mwajiri naye anaongeza 70,000 yake NSSF, ambayo huioni kwenye simu yako. Kwa hiyo kila mwezi 140,000 inawekwa kwa ajili ya uzee wako. Juu ya hapo sheria ya ajira inakupa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Ukiugua una siku 126 katika kipindi cha miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ukijifungua una siku 84 za malipo. Ukiumia kazini kuna mfuko wa fidia ambao mwajiri anauchangia. Mfanyabiashara akilala kitandani wiki mbili, biashara nayo inalala.

Ili usimame pale pale ulipo leo, biashara lazima ikuletee 588,000 za nyumbani na 140,000 za akiba ya uzee, yaani 728,000. Kwa faida ya 104,000 ni mizigo saba kila mwezi, na hiyo ni kama kila mwezi unafanana na mwingine. Kwetu Kigoma haifanani.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi mingi inapumzika, na bei mwaloni inapanda. Masika ikija, kukausha kunakuwa vita: dagaa anayekauka vizuri kwa jua la kiangazi atakaa siku kadhaa akilowa na kukauka, anageuka rangi, anapata harufu. Kisha kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatia makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka. Kwa afya ya ziwa ni jambo jema na mimi naliunga mkono, kwa sababu bila samaki hakuna biashara ya kuijadili. Ila wewe panga ukijua kwamba miezi tisa inaweza kulazimika kulisha miezi kumi na miwili. Ukigawa hivyo, 728,000 kwa mwezi inageuka karibu 971,000 kwa kila mwezi wa kazi, yaani mizigo tisa hadi kumi.

Hapo ndipo mzunguko unapouma. Tuseme unanunua Jumamosi, unafunga Jumapili, mzigo unafika katikati ya wiki, dada anauza kwa siku kumi, na baadhi ya wachuuzi wanachukua mali kauli, yaani kwa ahadi tu, na kulipa baada ya wiki. Fedha yako inarudi baada ya siku 20 hivi. Mizigo tisa kwa mwezi, kila mmoja ukikaa nje siku 20, maana yake wakati wowote una mizigo sita isiyolipwa. Mara 800,000 ni 4,800,000 zilizolala njiani na sokoni, na hutakiwi kuzigusa hata kama mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wanaoacha kazi kwa kawaida huhesabu mtaji wa mzigo mmoja. Mzigo wa kwanza unaenda, wa pili unaenda, wa tatu hauna fedha, na wakati huo huo nyumbani hakuna unga. Mtu anachukua fedha ya mzigo wa kwanza ananunulia unga, na mtaji unaanza kukatika bila hasara yoyote kutokea sokoni.

Kodi nayo si ile uliyoizoea. Ya mshahara hukatwa kwenye mapato. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa kawaida kwa kuangalia mauzo, hata kama faida ni nyembamba. Mizigo tisa kwa mwezi kwa miezi tisa ni mauzo ya karibu milioni 80. Ukikadiria asilimia tatu tu ya mauzo, ni karibu 30,000 kwa kila mzigo, na 104,000 yako inakuwa 74,000. Hii ndiyo sababu biashara ya faida ndogo kwa kilo inabana zaidi inapokua rasmi. Ipo njia ya kutozwa kwa faida halisi kwa mtu mwenye mahesabu kamili, na wewe unaweza kuyatunza. Nenda ofisi ya TRA ya mkoa na makadirio yako mkononi, uwaulize njia ipi inakufaa kabla hujakadiriwa.

Sasa mafao. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana mpango wako wote umekaa juu yake. Fao la kukosa ajira la NSSF lina masharti, na mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati. Usidhani unaandika barua leo na mwezi ujao michango inaingia benki. Kiinua mgongo cha sheria ya ajira, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka kumi, nacho humhusu anayeachishwa na mwajiri, si anayeondoka mwenyewe. Na kuna jambo la kufanya wiki hii: chukua taarifa ya michango yako NSSF uone kama kila mwezi umeingizwa. Wako waajiri wanaokata na hawapeleki, na shule ambayo mishahara yake inachelewa inastahili kutazamwa kwa jicho hilo. Ukikuta pengo, ni rahisi kulidai ukiwa bado ndani. Kumbuka pia kwamba pensheni inahitaji michango isiyopungua miezi 180. Ukiacha, usiache kuchangia. Mtu aliyejiajiri anaweza kuendelea kwa hiari.

Wengine watakushauri ukope kwa dhamana ya mshahara kisha uache kazi. Usifanye. Mshahara ukikoma deni halikomi, na litaanza kudai marejesho kila mwezi kwenye biashara isiyo na tarehe. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, ndiyo kabisa. Mzigo wako unazaa 104,000 juu ya 800,000, yaani asilimia 13 kwa siku 20, kama hakuna kilichoharibika. Ukikopa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, umefanya kazi yote hiyo kwa ajili ya mkopeshaji, na mzigo mmoja ukilowa umebaki na deni.

Mpaka hapa unaweza kudhani nakukatisha tamaa. Hapana. Hesabu hizo hizo zinaonyesha mahali pa kuongeza faida, na mahali penyewe ni kwenye ubora na bei ya kununua zaidi ya wingi wa safari. Ajira haikuruhusu kuongeza mshahara kwa kuwa makini zaidi Jumanne kuliko Jumatatu; biashara inaruhusu. Ukiwa mwaloni, usikubali kuonyeshwa dagaa wa juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka katikati, toa konzi moja. Dagaa aliyekauka anakatika. Akipinda bila kukatika, unanunua maji kwa bei ya dagaa. Mwaga konzi hiyo kwenye kitambaa cheupe, tikisa, uone mchanga. Waliokaushwa kwenye vichanja au nyavu huwa safi, walioanikwa chini huja na mchanga ambao mteja wa Dodoma atausikia kwenye meno mara moja tu, hatarudi. Rangi iwe ya fedha. Umanjano na kahawia ni mafuta yaliyoanza kuchacha. Pima kwa mizani yako mwenyewe, na dada apime tena mzigo ukifika, namba zote mbili ziandikwe. Upungufu ukishuka kutoka kilo 2 hadi kilo 1, umeongeza 25,000 kwa mzigo, ukishatoa malipo ya dada, bila kusafiri popote.

Kununua siku chache kabla ya mbalamwezi na kuuza wakati bei imepanda kunaleta zaidi kuliko kununua kila Jumamosi kwa mazoea. Mizigo miwili ikisafiri pamoja, bodaboda, ushuru na ufuatiliaji wa simu huwa nafuu kwa kila kilo. Na mifuko midogo ya nusu kilo na robo, iliyochambuliwa na kufungwa vizuri, inauzika kwa familia badala ya wachuuzi, na familia hailipi mali kauli. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, itakusaidia kuhusu ufungashaji na taratibu za viwango.

Njia unazo, na si mbili tu. Ya kwanza ni kubaki kazini mwaka mmoja zaidi, ukimlipa kijana mwaminifu akununulie na kupakia siku za wiki. Utapunguza faida ya kila mzigo, lakini utajua kama biashara inaweza kwenda bila mikono yako, na hilo kwangu ndilo swali kubwa kuliko mtaji. Ya pili ni kuomba mkataba mfupi: shule ndogo nyingi haziwezi kumlipa mhasibu wa kudumu, na siku mbili kwa wiki katika shule moja au mbili zingekupa kiasi chenye tarehe huku ukiwa na siku za mwaloni. Hii ndiyo naipenda zaidi kwa hali yako, kwa sababu ya jambo ulilolitaja kwa kupita tu: mume wako ni fundi ujenzi. Kipato chake nacho kinakuja kwa mzunguko, na kazi za ujenzi hupungua masika, kipindi kile kile dagaa wanagoma kukauka. Mshahara wako ndio fedha pekee ya nyumba hiyo yenye tarehe. Ukiutoa, mtakuwa watu wawili mnaosubiri jua.

Njia ya tatu ni kuacha kabisa, na iko siku itakuwa sahihi. Kabla ya siku hiyo chukua likizo yako yote ya siku 28 kwa mkupuo, uifanye kama mwezi wa kwanza wa kujiajiri. Usiguse mshahara utakaoingia; ishi kwa kile dagaa wamezalisha. Andika kila mzigo: kilo zilizotoka, zilizofika, gharama moja moja, tarehe fedha ilipotoka, tarehe ilipokamilika kurudi. Ukirudi kazini utakuwa na majibu ambayo mimi siwezi kukupa kutoka huku. Kisha sikiliza vigezo vyangu: uwe na akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita, tofauti na mtaji, mtaji wa kubeba mizigo yote iliyo nje kwa wakati mmoja, na angalau miezi sita mfululizo, masika yakiwemo, ambamo faida halisi baada ya gharama zote imefika nusu ya mshahara wako ukiwa bado unafanya kwa muda wa ziada. Kwa namba zako Januari ni mapema.

Anza leo kujilipa kama mwajiriwa wa biashara yako. Laini ya simu ya biashara iwe peke yake, daftari peke yake, na kila tarehe 28 ujilipe kiasi kilekile, hata kiwe 100,000. Ndugu akiomba, anaomba kwenye 100,000 hiyo, si kwenye gunia. Mfanyabiashara anaonekana ana fedha kila siku kwa sababu zinapita mikononi mwake, na kumwambia shangazi kwamba hizi ni za mzigo ni kugumu kuliko kumwambia mshahara bado. Mkubaliane na mume wako mapema, jibu lenu liwe moja.

Soma pia mkataba wako wa kazi uone unasema nini juu ya shughuli binafsi, na usipige simu za dagaa saa za mwajiri. Leseni ya biashara ni ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, muone afisa biashara. Vibali vya kusafirisha viko ofisi ya uvuvi. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inapitia kwa afisa maendeleo ya jamii, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Muulize kwanza kama mtu mwenye ajira anakubaliwa kuwa mwanakikundi.

Kama kinachokusukuma ni ucheleweshaji wa mshahara au namna unavyotendewa ofisini, litenganishe na hamu ya biashara. Tatizo la mwajiri mmoja linaweza kutatuliwa kwa kupata mwajiri mwingine, au kwa kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kama tayari una mkopo wa kausha damu unaokusukuma uache haraka ili upate mafao, usiandike barua yoyote kabla ya kukaa ana kwa ana na afisa wa NSSF akakuonyesha kwenye faili lako utapata nini na lini.

Siku ya kuondoka ikifika, toa taarifa ya maandishi isiyopungua siku 28, au zaidi kama mkataba unasema hivyo, dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na usiondoke bila cheti cha utumishi. Shule ile ile inaweza kuwa mteja wako wa kwanza wa mahesabu ya siku mbili kwa wiki, na jiko lake la bweni linanunua dagaa.